MATITI YA UZI
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kangeta



Kila mwaka kazi ya karani katika mkutano huu ni kusoma hesabu: shilingi zilizoingia, shilingi zilizotoka, nani ameuguzwa, nani amezikwa, na nani hajalipa ada yake. Hesabu hizo mmekwisha kuzisikia kwa Mtunza Hazina, nazo zimepigwa chapa katika kurasa za mwanzo za taarifa hii. Leo Halmashauri imetupa nafasi ya kunena juu ya jambo ambalo halimo katika hesabu, na ambalo lingalikuwamo kama sisi tulioshika kalamu tungalikuwa na macho ya kuona.

Twaomba radhi kwa wazee kabla hatujaanza, kwa kuwa tutataja mwili wa mama. Si desturi yetu kuutaja mbele ya wakwe na wazazi. Lakini mama wenyewe ndio waliotuomba tuutaje, nasi twatii.

Katika jalada letu kuna barua moja fupi, iliyoandikwa miaka miwili iliyopita na mama mmoja mjane, mwanachama wetu wa siku nyingi. Jina lake hatutalisema, ijapokuwa yeye ametupa ruhusa ya kuisimulia habari yake. Mama huyu aliugua saratani ya titi, akakatwa titi la kushoto. Chama kilimsaidia nauli na sehemu ya gharama ya kupasuliwa, naye akatushukuru kwa hayo. Kisha, katika barua hiyo, aliomba asaidiwe kununua titi la bandia, la kuvaa ndani ya sidiria, ili aweze kwenda sokoni na kanisani kama watu wengine. Halmashauri iliketi, ikashauriana kwa muda usiozidi dakika tano, ikakataa. Jibu tuliliandika sisi kwa mkono wetu, kwa lugha safi tuliyofundishwa shuleni: ya kwamba fedha za Chama ni za ugonjwa na msiba, wala si za mapambo.

Mama huyu hakujibu. Hakuja tena mkutanoni, wala hakuleta ada. Baada ya miezi saba tulitumwa kwenda kumkumbusha deni lake. Tulimkuta nyuma ya nyumba akimenya viazi, amejifunga leso mbili kifuani ingawa jua lilikuwa kali. Tulipomuuliza habari ya ada, alitueleza kwa upole ya kuwa hana fedha, kwa sababu hauzi tena ndizi sokoni. Zamani alikuwa akizipeleka mwenyewe na kupata bei nzuri. Sasa humngoja mchuuzi aje langoni, na mchuuzi humpa bei aipendayo.

Tukauliza sababu. Akasema ya kwamba baada ya kupata barua yetu alijitengenezea kitu chake: soksi ya mjukuu iliyojazwa vitambaa. Siku moja ya soko, alipoinama kuinua mkungu, soksi ile iliteleza ikaanguka mbele ya wanunuzi. Watoto wakacheka. Mtu mmoja akaiokota akampa, asijue ni kitu gani. Tangu siku hiyo hakurudi.

Kisha akatuomba jambo moja. Aliileta ile barua ya Chama, akatuambia tumsomee kwa sauti, kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu. Tukaisoma tangu salamu hata sahihi. Tulipokwisha akasema, "Mwandiko wako ni mzuri, mwanangu. Ila neno moja si lake." Hakulitaja neno lenyewe, wala hapakuwa na haja ya kulitaja.

Wazee wetu, hiyo ndiyo sababu ya hotuba hii. Tulidhani tumemnyima pambo. Kumbe tulikuwa tumemnyima soko, na kanisa, na mkutano huu, hata na ada aliyokuwa akitulipa sisi wenyewe. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi wanaume saba wa Halmashauri tulikipimia kitanda cha mtu kwa dakika tano.

Sasa tuseme kidogo juu ya ugonjwa wenyewe, kwani wako wanaodhani ni laana ya nyumba moja au mbili. Katika Kenya saratani ya titi ndiyo saratani ipatayo wanawake wengi kuliko nyingine zote. Makadirio ya mwaka wa 2020 yalikuwa ya wagonjwa wapya wapatao 6,800 kwa mwaka mmoja, na waliokufa kwa ugonjwa huo walikadiriwa kupita 3,000. Wanaume nao huupata, ijapokuwa ni wachache sana, kama mmoja katika kila wagonjwa mia. Haukuletwa na uchawi, wala hauambukizwi kwa kula chungu kimoja, wala kwa kulala nyumba moja, wala kwa kuvaa nguo ya mgonjwa.

Dalili zake zafaa kujulikana na kila mtu mzima hapa: uvimbe mgumu katika titi au kwapani, ambao mara nyingi hauumi hapo mwanzo, ngozi iliyobonyea au iliyokunyata kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ilhali zamani haikuwa hivyo, na majimaji au damu itokayo kwenye chuchu. Kwa kuwa hauumi, mama husema atangoja. Hungoja palizi iishe, hungoja mtoto alipiwe karo, hungoja mumewe arudi safari. Hata aumwapo, uvimbe umekwisha kusambaa.

Hapa Igembe sisi ni watu wa haraka tutakapo. Miraa ikichumwa asubuhi hufungwa kwa majani ya migomba, na gari huondoka kwa kasi ambayo hata askari wa barabarani huistaajabia, kwa kuwa kila mtu ajua ya kuwa jani likikauka bei imekufa. Hakuna mzee hapa aliyepata kusema juu ya miraa, "Tungoje mwezi ujao." Lakini uvimbe wa mama wangoja mwaka mzima, na hospitali iko Maua, jirani yetu, na nyingine kubwa iko Meru mjini. Kwa miaka mingi hospitali ya Serikali yenye mashine ya mionzi ya kutibu saratani ilikuwa moja tu nchini, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta huko Nairobi. Kwa hiyo wagonjwa wetu walizoea kufikiri ya kuwa saratani ni safari ya mbali isiyo na marejeo. Mambo hayako hivyo tena. Mgonjwa akifika mapema, mara nyingi hupona.

Lakini kuna hofu nyingine iwazuiayo mama zetu, ambayo hatukuijua mpaka tulipoisikia kwao. Si kifo peke yake waogopacho. Waogopa kurudi nyumbani na upande mmoja. Mama mmoja alituambia waziwazi ya kuwa alikaa na uvimbe miezi mingi kwa sababu alimwona jirani aliyekatwa titi akijificha nyumbani, akasema moyoni, "Heri nife mzima." Basi yule tuliyemnyima msaada hakuumia peke yake. Kila aliyemwona amejificha alijifunza kuficha ugonjwa wake. Mficha maradhi, kilio humfichua; na kilio hicho tumekigharimia sisi, kama Mtunza Hazina awezavyo kuwaonyesha katika fungu la mazishi.

Sasa twafikia dawa ya hofu hiyo. Si dawa ya hospitali. Ni uzi.

Mwaka jana binti mmoja wa hapa, muuguzi afanyaye kazi Nairobi, alikuja likizo akatuletea kitu kidogo mfukoni. Kilikuwa titi la kufuma kwa nyuzi, jepesi kama kiota cha ndege, limejazwa pamba laini. Alitueleza ya kuwa huko Thika yuko Bibi Mary Mwangi, fundi wa kushona nguo, aliyeugua saratani ya titi akatibiwa, na ambaye habari zake zimetangazwa katika magazeti ya Kenya na ya nchi za nje. Kufuma kulimfariji wakati wa kupona kwake. Akafuma kofia kwa ajili ya wale walionyonyoka nywele kwa dawa, kisha akafuma matiti, akawafundisha wanawake wengine wenye ugonjwa kama wake.

Tulipochungua zaidi tuliona ya kuwa kazi hii imezunguka dunia. Huko Toronto, katika Canada, mama aitwaye Beryl Tsang, baada ya kukatwa titi, alijifumia la uzi kwa kuwa yale ya dukani hayakumpendeza. Na mwaka wa 2005 akatoa maelezo yake katika gazeti la wafumaji ili kila mtu ayafuate. Mwaka wa 2011 mama mwingine, Barbara Demorest, wa mji wa Bellingham katika Marekani, alipatwa na jambo hilohilo. Rafiki yake akamfumia, naye akaona isifae wengine wakose. Akaanzisha umoja wa wafumaji wanaotoa matiti ya uzi bure kwa yeyote aombaye. Umoja huo huitwa Knitted Knockers, jina lenye mzaha kidogo kwa Kiingereza, ambalo hatutalifasiri mbele ya wazee. Siku hizi una wafumaji katika nchi nyingi. Angalieni, basi: kazi hii haikubuniwa na daktari wala kiwanda. Ilibuniwa na wagonjwa wenyewe, kwa sindano na uzi.

Na sindano si ngeni kwetu. Bibi zetu walifuma viondo wakiwa njiani kwenda mtoni, kamba pajani na mzigo mgongoni. Shule za misheni ziliwafundisha wasichana kufuma soksi na sweta. Na tangu mwaka wa 1952, Maendeleo ya Wanawake walipoanza, vikundi vyao vijijini vilifundisha kushona na kufuma pamoja na malezi na usafi. Hakuna nyumba hapa isiyo na vitambaa vya kufuma juu ya viti. Mikono ilikuwapo siku zote; haikupata tu kuambiwa haja iliyopo.

Mama wa Chama walikubali kujaribu, nasi tukapewa kazi ya kuandika waliyojifunza, ili wengine wasirudie makosa yetu. Haya ndiyo tuliyoyaandika.

Uzi uwe wa pamba, laini, usiokwaruza. Hapo mwanzo tulitumia mabaki ya sufu ya sweta za shule, kwa kuwa yalikuwa ya bure. Mama wa kwanza aliyelivaa alilivua kabla ya saa sita mchana, ngozi imemwasha. Kovu ni jipya kama ngozi ya mtoto mchanga, wala halistahimili sufu.

Hufumwa kwa sindano nne fupi zenye ncha pande zote mbili. Mishono hugawanywa katika sindano tatu, na ya nne hufanya kazi, ufumaji ukizunguka kama ule wa soksi. Huanza kwa upana wake wote, kisha mishono hupunguzwa duru kwa duru hata kufikia ncha. Bibi mmoja mwenye miaka zaidi ya sabini, aliyefuma viondo maisha yake yote, alitazama akacheka: "Hiki ni kiondo kilichogeuzwa. Kiondo huanza kitakoni kikapanuka; hiki huanza mdomoni kikafungana." Tangu hapo yeye ndiye mwalimu.

Upande wa nyuma, ule ugusao kifua, hufumwa bapa, ukaachwa na tundu lenye kamba ya uzi ya kukazia, mfano wa mdomo wa mfuko. Tundu hilo ndilo siri ya kazi yote, kwa kuwa mwenye kulivaa aweza kuongeza au kupunguza ujazo mpaka lifanane na titi lililobaki. Mwili wa mtu hubadilika: hukonda wakati wa dawa, hunenepa akipona. Bila tundu, titi la leo halimfai kesho.

Ujazo uwe ule mwepesi wa kujazia mito, usiokunywa maji. Pamba ya hospitali haifai, kwani hunyonya jasho ikafanya mabonge. Vitambaa vikuukuu havifai, kwa kuwa ni vizito na huteleza. Mama yetu amekwisha kutufundisha hilo kwa gharama kubwa.

Rangi nayo ina neno lake. Dukani tulipata nyuzi za waridi na nyeupe, za nguo za watoto. Mama mmoja alilisukuma titi la waridi akasema yeye si mzungu, na kama asiyeonekana na watu ni yeye peke yake, basi yeye mwenyewe atajiona. Siku hizi twaagiza rangi za ngozi zetu, za hudhurungi iliyokolea na isiyokolea. Mmoja aliomba jekundu, naye akapewa, kwa kuwa lake ni lake.

Kufua ni kwa mkono, kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu. Kisha hukamuliwa kwa taulo, wala halisokotwi, likaanikwa kivulini. Yafaa kila mtu awe na mawili, moja la kuvaa na moja la kufua.

Na kabla ya yote, mama asilivae mpaka jeraha limefunga na daktari amemruhusu, nayo huwa kama wiki sita, au zaidi kwa aliyechomwa mionzi.

Yatupasa pia kusema ukweli juu ya mipaka ya kitu hiki. Titi la uzi halitibu saratani. Na kwa kuwa ni jepesi, halirudishi uzito uliotoka. Mama mwenye maziwa makubwa aweza kuona bega likivutwa upande mmoja, na huyo amwulize daktari habari ya lile la silikoni, ambalo lina uzito kama wa mwili. Lakini la silikoni bei yake hupita shilingi 10,000, nalo huleta joto na jasho. La uzi, kwa bei tulizolipa mwaka huu, nyuzi na ujazo havikufika shilingi 400. Tofauti hiyo kila mkulima aliyemo humu aweza kuihesabu bila karani.

Tokeo la mwaka ni hili. Mama wetu walifuma matiti 31. Kati ya hayo, 9 yalifumuliwa kwa kuwa hayakuwa mazuri, na nyuzi zake zikatumika tena. Yale 22 yaliyobaki yametolewa bure kwa wenye haja, wa hapa na wa mitaa ya jirani. La kwanza lilipelekwa kwa yule mama tuliyemwandikia barua. Alilikataa. Alisema ni kubwa mno, nasi tulifadhaika tukidhani amekasirika. Kumbe alichukua sindano, akalifungua nyuma, akatoa nusu ya ujazo, akaenda ndani, akarudi. Hakusema neno. Alichukua mkoba wake akatusindikiza hata njia panda, na ilikuwa mara ya kwanza kutoka kwa lango lake mchana tangu siku ile ya soko. Leo ndiye apimaye kila titi kabla halijatolewa, na yale 9 yaliyofumuliwa yalifumuliwa kwa amri yake.

Jambo jingine hatukulitarajia. Wanawake wakiketi kufuma husema. Katika mazungumzo hayo mama wawili walikiri ya kuwa nao wameshika uvimbe wakanyamaza. Wote wawili walisindikizwa hospitali juma lilelile. Mmoja uvimbe wake haukuwa saratani. Wa pili yuko katika matibabu, na daktari amesema amefika mapema. Hatujui sindano ngapi za dawa zingaliweza kufanya kazi iliyofanywa na sindano zile nne.

Tumesikia pingamizi, na ni haki kuzijibu.

Wako wasemao ya kuwa kufanya titi la bandia ni kumdanganya mume na watu. Twauliza: mzee aliyeng'olewa meno akavaa ya bandia, humdanganya nani? Aliyekatwa mguu akapewa wa mti, hukimbia deni gani? Na meno yale Chama kilipata kuyachangia, imo katika kumbukumbu, wala hakuna aliyeandika neno "mapambo".

Wako wasemao ya kuwa ni mambo ya wanawake, nao wayamalize wenyewe. Kwa hilo twaomba wazee watuvumilie tukumbushe habari moja ya kwetu. Mwaka wa 1956 Njuri Ncheke walitoa amri ya kukataza tohara ya wasichana katika Meru. Neno lenyewe lilikuwa jema, na sheria ya nchi ya mwaka wa 2011 imelithibitisha. Lakini wasichana wenyewe hawakuketishwa wala kuulizwa, na wengi wakachukua wembe wakajitahiri wao kwa wao, wakaitwa Ngaitana. Fundisho tulipatalo ni kwamba neno jema juu ya mwili wa mama, likisemwa bila yeye, laweza kuzaa jeraha. Je, neno baya lililosemwa bila yeye, kama lile la barua yetu? Wazee wana nguvu katika nchi hii. Twawaomba waitumie wakiwa wameketi na wenye jambo lao.

Na wako wasemao, kwa nia njema, ya kuwa fedha ni kidogo, na wagonjwa ni wengi. Hilo ni kweli, na karani alijua kuliko wote. Lakini tazameni tena habari ya mama huyu. Chama kililipa nauli, kikalipa kisu cha daktari, kisha kikamwacha hatua moja kabla ya mlango wa nyumba yake. Mtu aliyepona akashindwa kutoka nje bado hajarudishwa kwa watu wake. Tulikuwa tumelipa karibu yote tukakataa kidogo kilichobaki, na kwa kukataa hicho tukapoteza kazi ya vile tulivyolipa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kwa niaba ya mama wa Chama, twauletea mkutano huu maombi manne.

La kwanza: fungu la nyuzi liandikwe katika makadirio ya mwaka ujao, shilingi 20,000, chini ya kichwa cha Matibabu, wala si chini ya kichwa kingine chochote.

La pili: chumba cha ofisi ya Chama kitumiwe na wafumaji kila Jumanne alasiri, pasipo kodi, na karani ahamie barazani siku hiyo. Karani amekwisha kukubali.

La tatu: mama wawili waingie katika Halmashauri wakati wowote maombi ya ugonjwa yanapojadiliwa, wawe na kura kama wengine.

La nne latuhusu sisi wanaume. Kila mwanachama mwanamume aape moyoni mwake ya kuwa mkewe, mama yake, dada yake au binti yake akimwambia habari ya uvimbe, atampeleka hospitali kwa haraka ileile apelekayo miraa. Na akirudi amekatwa, asimwache ajifungie ndani. Amwambie ya kuwa yupo, na ya kuwa nyumba bado ni yake. Jambo hili halina gharama, wala halihitaji kura.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo ni letu sisi karani. Barua za Chama hazifutwi; ndiyo kanuni, nayo ni kanuni njema, kwa kuwa chama kisichotunza makosa yake huyarudia. Kwa hiyo barua ile tumeiacha jaladani mahali pake. Lakini kwa idhini ya Mwenyekiti tumeandika nyingine, tukaiweka juu yake, na nakala tumempelekea mama mwenyewe. Ni fupi kama ya kwanza. Yasema ya kwamba Chama kilikosea; ya kwamba alichoomba kilikuwa matibabu; na ya kwamba ada yake ya miezi aliyokosa soko imesamehewa kwa kuwa deni lilikuwa letu.

Safari hii hatukungoja atuombe. Tulikwenda kwake tukamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyosha mkono akaichukua, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya nguo upande wa kushoto, pale mama zetu wawekapo fedha na vitu wasivyotaka vipotee. Ikakaa bila kuanguka.

Maombi manne yamo mikononi mwenu.